Mashavu ya Mama Kwenye Blogu

Mimi nilianza blogu kwa sababu ya kufukuzwa. Familia yetu ina kikundi kwenye simu, watu wengi, wengine wako Bombo, wengine Nairobi, wengine wako kule kwenye baridi ambako jua likitoka watu wanalipiga picha. Kuandika kunanishinda. Darasa la tatu ndiyo mwisho wangu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Basi nilikuwa nabonyeza pale pa sauti naongea. Naanza na salamu, naingia kwenye habari ya mvua, natoka kwenye mvua nakumbuka jambo la zamani, nikija kuachia kidole dakika kumi na nne zimekwisha.

Walinivumilia mwaka mzima. Siku moja mtoto wa marehemu kaka yangu, yule wa Nairobi, akasema kwa adabu kabisa kwamba shangazi, tunakupenda sana, lakini tukifungua sauti zako ugali unaungua. Wengine wakamwaga vile vikaragosi vya kucheka mpaka machozi. Mimi nikanyamaza. Siku ya kwanza wakapumzika, siku ya pili wakapumzika, siku ya tatu wakaanza kuulizana kama nimelazwa.

Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyeniokoa. Anasoma chuo kikuu, anakaa hosteli Wandegeya, hapa hapa Kampala, na kila Jumamosi anapanda huku Mbuya kuja kula kwangu, maana kule anaishi kwa chapati na maharage, maharage na chapati. Ananiita habuba, ndiyo bibi kwa Kinubi, na sisi ni Wanubi.

"Habuba, watu hawajachoka na hadithi zako," akasema. "Wamechoka kuzibeba sikioni. Tuziandike mahali, anayetaka aje asome mwenyewe."

Mahali penyewe ndiyo blogu. Nikamuuliza ni kitu gani hicho. Akasema ni kama kibaraza: unakaa, unaongea, anayepita akitaka anasimama, asiyetaka anakwenda zake na hakuna wa kununa. Kibaraza mimi naelewa. Tukaanza siku ileile, kabla sufuria haijaoshwa.

Kazi yetu iko hivi. Mimi nakaa mkekani nasuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi ambavyo mwanamke wa Kinubi asipokuwa navyo nyumbani wageni wanajiuliza anafunika wali na nini. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Yeye anakaa na laptopu yake mapajani anapiga chapa. Tunagombana sana. Ananiambia habuba, hii salamu ya watu kumi na saba tuikate. Nakataa. Anaikata. Nasema nisomee, ananisomea haraka haraka pale ili nisisikie kilichotoka. Nasikia.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya kuku. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori, na safari moja nilipanda naye kwenda mpaka Mombasa na kuku wangu kapuni, kwa sababu jirani niliyekuwa nimwachie sikumwamini. Yule kuku alitaga mpakani na kila mzani wa barabarani tuliosimama, mpaka askari wakawa wanamjua. Ilipotoka ile hadithi, watu wakajaza komenti. Mmoja alikuwa Mkongo. Nikauliza ni ndugu yetu wa upande gani. Mjukuu akasema si ndugu, ni mtu tu. Nikasema kama si ndugu, amefuata nini kwetu? Akasema amemfuata kuku. Siku hiyo nikajua blogu ni kitu kikubwa.

Sasa nije kwenye picha.

Walioko mbali walianza kuomba: tumechoka na maneno matupu, tuonyeshe mama yenu. Mama yetu ana picha moja tu duniani. Na picha hiyo haiko kwangu, iko Mengo kwa dada yangu mkubwa. Tulizaliwa saba, tumebaki wawili, yeye na mimi. Amenipita miaka minne na hajawahi kuniacha nisahau. Yeye ndiye aliyekaa na mama mpaka mwisho. Picha anaiweka ndani ya mkebe wa biskuti, imefungwa kwa leso, na leso imefungwa kwa uzi. Nilimbembeleza wiki tatu. Akanipa, lakini akaniambia mbele ya mkwe wake ili awepo shahidi: "Inatoka ikiwa moja, irudi ikiwa moja."

Jumamosi moja tukaipeleka Wandegeya, mimi na mjukuu, kwenye duka la kuchapa karatasi karibu na hosteli yake. Pale wanafunzi wamejaa wanachapisha kazi zao, kila mmoja amechelewa. Mwenye mashine ni mwanamke mchangamfu, kucha ndefu, mikono myepesi. Akaichukua picha, akaitazama, ilikuwa na ukungu na madoa madoa. Akaniuliza, "Jajja," ndiyo bibi kwa Kiganda, "niisafishe?" Nikamwambia safisha vizuri, ni ya mama yangu. Akabonyeza bonyeza, akaituma kwenye simu ya mjukuu, tukaondoka tunacheka.

Jumamosi hiyo hiyo tukaiweka kwenye blogu. Mjukuu alinionyesha kwanza. Nikamtazama mama, macho yale, ile shingo, nikasema mashallah, mama alikuwa mzuri jamani, weka. Sifa zikaanza kumiminika. Ngozi kama kioo, mmoja akaandika. Mimi nikajikunja kwa raha kama vile nimesifiwa mimi.

Jumapili asubuhi dada akapiga. Yeye simu yake ni ya vitufe, blogu anasomewa na kuonyeshwa na mkwe wake. Hakunisalimia.

"Huyu mwanamke uliyemweka ni nani?"

Nikacheka. Nikasema dada, umri umekuingia, umemsahau mama?

"Mama alikuwa na chale tatu shavu hili na chale tatu shavu hili," akasema. "Huyu hana. Mimi sijasahau. Nakuuliza wewe."

Nikatafuta miwani. Nikafungua simu. Wallahi mashavu ya mama yalikuwa laini kama yai lililomenywa. Yule mwanamke wa kucha ndefu alisafisha ukungu, akasafisha madoa, akasafisha na chale. Lakini silo lililoniuma. Mjukuu hakumjua mama, yeye hana kosa. Mwenye mashine hakumjua. Mimi nilimjua. Nilimtazama usoni nikasema mashallah, weka.

Nieleze kidogo, wengine hawajui. Wazee wetu Wanubi walikuwa wanachanjwa usoni wakiwa watoto, mistari mitatu imesimama kila shavu. Watu wa mji walituita mia moja kumi na moja, kwa utani tu. Halafu serikali iliyokuwa na Wanubi wengi jeshini ikaangushwa, na utani ukawa si utani. Ukifika kwenye kizuizi cha barabarani na mistari ile usoni, askari hawakuuliza kitambulisho. Mimi na mume wangu tulikimbilia Nairobi, tukakaa Kibera miaka. Mama hakukubali kutoka Mengo, na dada akabaki naye. Tangu siku hizo mama alifunika mashavu kwa shali, nje na ndani, hata akiwa anapepeta mchele peke yake. Niliporudi nilikuta macho na pua. Mambo yakatulia, shali haikutulia. Mpaka siku moja dada akamchukua, akampeleka studio ya picha, na pale mbele ya mpiga picha mama mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akaishusha shali mpaka mabegani. Picha ikapigwa. Alipotoka nje akaipandisha tena.

Hiyo ndiyo picha. Na mimi ndiye niliyesema safisha vizuri.

Dada akasema, "Niletee ya kwangu leo."

Nikafungua mkoba wangu, haipo. Nikampigia mjukuu, angalia kwako. Akasema habuba, si ulichukua wewe? Nikasema si uliichukua wewe? Kumbe hakuna aliyeichukua. Ilikuwa imebaki ndani ya mashine, chini ya kile kifuniko. Na Jumapili duka halifunguliwi.

Nikampigia dada nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Akataka nimwelekeze duka lilipo. Halafu akasema kesho atakuja Wandegeya kwa miguu yake, kwa sababu mimi nimeondoka na mama nikarudi na mama wa mtu mwingine. Siku ile sikusuka. Nilikuwa nawaza zile karatasi zilizojaa sakafuni pale dukani, zinavyofagiwa jioni. Ikipotea hiyo, basi, wajukuu wetu wote watabaki na yule wa mashavu laini, na mimi ndiye niliyewapa.

Jumatatu tukakutana karibu na soko. Dada alifika juu ya boda, amekaa upande, mgongo umenyooka, mkoba magotini. Hakuniongelesha. Alimwongelesha mjukuu. "Mwambie habuba yako atangulie, yeye ndiye anayejua njia ya kupoteza vitu." Mjukuu akanigeukia, akaona nimesikia, akaamua kutosema.

Tulipoingia dukani sikuhitaji kuuliza. Mama alikuwa ukutani, mara mbili. Yule mwanamke aliikuta yetu chini ya kifuniko, akachapa na ile aliyoisafisha, akaona kazi yake ni nzuri, akazibandika juu ya mashine ndani ya nailoni: picha yetu upande mmoja, ameandika chini KABLA, na ile laini upande wa pili, BAADA. Wanafunzi waliosimama kwenye foleni walikuwa wanazitazama. Mimi nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Yule mwanamke akatuona, akafurahi zaidi kuliko mimi. Akasema jajja, nilikungoja urudi, nikasema acha niitumie kidogo, tangu niibandike kila mtu anataka nimsafishie bibi yake.

Nikamtazama dada. Nilijua mdomo wake. Nikajiandaa kuwaomba radhi wote waliokuwepo.

Dada alisogea mpaka karibu kabisa na ukuta. Akaweka kidole juu ya nailoni, upande wa KABLA, kwenye shavu.

"Hii uliitoa kwa nini?"

"Nilidhani ni mikwaruzo, jajja," yule mwanamke akasema. "Nilidhani mende wameila karatasi."

Dada akavuta kiti cha wateja, akakaa. Akasema mende hajui kuhesabu mpaka tatu. Mwanafunzi mmoja akacheka, halafu wote. Yule mwanamke akashika mdomo, akaomba samahani kwa Kiganda na Kiswahili, akapiga magoti pale pale kati ya makaratasi. Dada akamwinua. Akaanza kusimulia.

Akasema mama alichanjwa akiwa na miaka saba hivi. Nyanya yetu alishika wembe, shangazi wawili walimshika kichwa. Wakamwambia asipolia atapewa mbuzi wake mwenyewe. Hakulia. Mashavu yakavimba, akala uji kwa wiki, anangoja mbuzi. Mbuzi hakuja. Akaolewa, hakuja. Akazaa sisi saba, hakuja. Mpaka amekuwa mzee kabisa, dada akimpaka mafuta usoni, mama alikuwa anamwambia paka polepole hapo, pana deni la mbuzi.

Ile foleni ilisimama. Wenye haraka waliacha haraka yao. Na mimi nilisimama vile vile kama wao, kwa sababu sijawahi kusikia habari ya mbuzi maishani mwangu. Mimi, mwenye blogu. Mambo mengine mama aliyasema wakati wa kupakwa mafuta tu, na anayempaka alikuwa dada. Nikaona mjukuu ameshika simu yake kifuani, anarekodi, hapumui.

Yule mwanamke akabandua picha yetu kwa zile kucha taratibu kama anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Dada akaikagua mbele na nyuma, akaifunga kwenye leso. Yule mwanamke akauliza na hii ya BAADA afanyeje, aichane?

"Huyo kaa naye," dada akasema. "Sisi hatumjui."

Jumamosi tuliondoa picha laini tukaweka ya kweli, na ukungu wake na madoa yake. Chini yake tukaweka maneno ya dada yote. Kwa mara ya kwanza mjukuu hakukata hata salamu. Na mimi nikaongeza yangu mafupi: kwamba nilimtazama mama yangu bila mashavu yake nisione, na waliosifu ngozi kama kioo wasione haya, mwenye haya ni mimi. Kulisema hilo kulinichukua muda mrefu kuliko kuku, lori na mizani yote.

Halafu nikakaa na simu mkononi. Nilijua mkwe anamsomea dada saa zile. Ikapigwa jioni, jua bado liko.

"Umeandika mbuzi mweupe," akasema. Kwangu mimi, si kwa mjukuu. "Nani kakuambia mweupe?"

Ni kweli, nilimtia rangi kidogo. Ulimi una mazoea yake. Nikamwambia dada samahani, tutabadilisha sasa hivi, niambie alikuwa wa rangi gani.

"Hakuja," akasema. "Atakuwaje na rangi?"