Nilivyomchongea opareta wa sinema Mbeya kisa picha ya jasusi ilianza bila zile hatua saba

Wakuu, hamjambo humu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Jana nimesoma ule uzi wenu mnamlaumu mwenye kibanda umiza, hicho cha kuonyeshea video mtaani, kwamba kakata mwanzo wa picha ya jasusi wenu. Kurasa sita mnabishana, na wawili kati yenu mmeapa kwenda kumfungia kibanda chake.

Nikaona nisinyamaze. Haya yalinipata mimi mwenyewe, siyo chai, na mengine yananiaibisha mpaka leo.

Miaka ya sabini nilikuwa binti, mpiga chapa kwenye ofisi moja ya serikali pale Mbeya mjini.

Niseme mapema, mimi ni mtu wa kushuku. Nikiingia mahali watu wakanyamaza, sitatulia mpaka nijue walikuwa wanasema nini. Marehemu mume wangu alikuwa ananiambia nilikosea kazi, ningekuwa polisi.

Sasa, kulikuwa na picha za jasusi mmoja wa kizungu, zilikuwa zinakuja moja baada ya nyingine kwa miaka. Sisi tulimwita Steringi tu.

Kila picha yake ilianza vilevile. Pazia jeusi, huoni kitu, unasikia viatu tu vinatembea. Hatua saba. Kisha mkono unawasha kiberiti, uso unatokea, anakutazama wewe uliyekaa kwenye kiti, anakipuliza. Ndipo jina la picha linakuja.

Mbeya tulikuwa tunazihesabu zile hatua kwa sauti, ukumbi mzima. Moja! Mbili! Mpaka saba, kisha kimya. Jumapili baada ya kanisa watu walikuwa wanakimbia na makoti yao ya baridi ili wasikose kuhesabu. Ukikosa hesabu ni kama hukuja.

Basi ikaja picha mpya. Ilikuwa imeanzia Iringa, wiki mbili baadaye ikaletwa kwetu.

Taa zikazimwa. Tukavuta pumzi tayari kwa moja.

Tukaona mtu amekaa mezani anakula mayai.

Jamani, mayai! Mchana kweupe, hakuna kiatu wala kiberiti. Watu walipiga miluzi, wakagonga viti, wakamtukana opareta mpaka picha ikafika katikati.

Opareta alikuwa Mzee Ambokile, mtu mpole, mwembamba, anayeongea kwa kunong'ona. Mkanda ukikatika ni yeye aliyekuwa anakata sehemu iliyoharibika na kuunga kwa gundi. Vile vipande alikuwa anavitunza kwenye makopo nyumbani kwake. Kila mtu alijua.

Mnaona tayari mawazo yalikoelekea.

Tulikuwa kundi la watu sita hivi, wapenzi wa Steringi. Baada ya picha tulikuwa tunakaa hoteli moja ya chai karibu na soko kuchambua. Siku hiyo ubishi ulikuwa mkali.

Daudi, dereva wa lori, akasema, "Wenyewe waliotengeneza wamebadilisha. Kitu kikikaa sana watu wanakichoka."

Nikamrukia. "Nani kachoka? Wewe umechoka? Mtu abadilishe kitu kinachopendwa dunia nzima, ana wazimu?"

"Dada, mimi nasema tu."

"Na yale makopo ya Ambokile yana nini?"

Hapo wenzangu wakaanza kuniitikia kwa vichwa. Nilijisikia vizuri sana, nisiwafiche.

Ila nilitaka ushahidi. Nikamwandikia Lusajo, kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa anauza kwenye duka la baiskeli Iringa na kuishi Kihesa. Nikamuuliza, picha huko kwenu ilianzaje?

Jibu likaja baada ya siku chache. Akaandika kwamba ilianza kama kawaida, hatua saba, kiberiti, uso, na ukumbi wote ulihesabu hadi paa likatetemeka.

Imekwisha. Iringa zilikuwepo, Mbeya hazipo. Katikati yupo nani?

Kesho yake nikaandika barua kwa meneja wa sinema. Sikuiandika kwa mkono. Niliipiga chapa, kwa mashine ya ofisi, na nakala ya kaboni. Kwa wakati ule barua ya chapa ilikuwa inatisha, mtu akiipokea anasimama kwanza. Nikaweka maneno mazito: "upotevu wa makusudi", "ushahidi wa maandishi kutoka Iringa". Wenzangu wakatia sahihi. Daudi alikataa, nikaacha kumsalimia.

Meneja hakuuliza mara mbili. Mzee Ambokile akatolewa kwenye chumba cha mashine, akawekwa mlangoni kuchana tikiti. Chumba akapewa mtu mwingine.

Kila Jumapili nikawa nampita pale mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa ananiwahi kwa salamu ya Kinyakyusa. "Ndaga, mwanangu. Karibu." Mimi moyoni nasema, ona anavyojipendekeza, ana lake jambo huyu.

Ikapita zaidi ya mwaka.

Nikaenda Iringa kwenye kipaimara cha ndugu yetu, na bahati ikawa picha mpya kabisa ya Steringi inaonyeshwa. Nikamvuta Lusajo twende. Njiani alikuwa mzito, mara tumbo, mara mvua. Nikamshuku kidogo, lakini nilijua ni uvivu wake.

Taa zikazimwa. Mimi nikaanza, kwa sauti yangu yote, "Moja!"

Nikajikuta peke yangu. Mbele yangu anaonekana Steringi yuko kwenye mashua, jua linawaka.

Mama mmoja wa Kihehe aliyekaa pembeni akaniuliza kwa upole, "Unahesabu nini, we dada?"

"Hatua."

"Aa, hizo si waliziondoa! Tangu ile ya mayai. Tulipiga kelele humu, tukachoka wenyewe."

Nikageuka kumtazama Lusajo. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nje akanieleza. Ile siku ya mayai tikiti ziliisha kabla hajafika dirishani. Nilipomwandikia, aliona haya kusema kwamba yeye, bingwa wa Steringi, hakuingia. Akaandika tu jinsi zote zinavyoanza. "Nilidhani unauliza kwa kupiga stori," akasema. "Ningejua kuna mtu..."

Nilimpiga kofi. Nakiri. Baadaye nilitambua kofi lile lilikuwa langu, kwa sababu yeye alidanganya mstari mmoja, mimi niliufanya barua.

Safari ya kurudi Mbeya nilikuwa naumwa kwa aibu, siyo kwa mfano, nilitapika basi liliposimama Makambako.

Siku ya pili nikatoka kazini mchana, nikaenda Mwanjelwa kwa Mzee Ambokile. Nilimkuta uani na mkewe, wanapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Sikukaa. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Barua niliandika mimi. Picha haikuwa na zile hatua, hata Iringa hazikuwepo, waliotengeneza waliziondoa wenyewe. Wewe hukukata kitu.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nayataka, kusema kweli.

Aliweka gunzi chini taratibu. Akauliza, "Hazikuwepo?"

"Hazikuwepo, mzee."

"Una hakika? Siyo mimi?"

Mkewe ndiye aliyeanza kulia. Akasema, "Mwaka mzima, mwanangu. Makopo yote kayamwaga. Kipande kwa kipande anaweka kwenye mwanga wa dirisha, anatafuta viatu. Namwambia hukukata, anasema watu wote wale na barua ya chapa hawawezi kukosea, labda nilikata nikasahau. Sasa hivi hata moto jikoni anarudi mara tatu kuangalia kama umezimika."

Wakuu, mimi nilijiandaa kukutana na mtu niliyemwonea. Sikujiandaa kukutana na mtu aliyekuwa ameniamini.

Nikapiga chapa barua ya pili, yenye jina langu peke yangu. Meneja akaisoma, akakuna kichwa, akamwita mzee arudi kwenye mashine.

Mzee Ambokile alikataa. Alimshukuru kwa heshima zote, akasema mashine anaipenda ila mikono yake haiamini tena. Akaendelea kuchana tikiti mpaka alipostaafu, na kila tikiti alikuwa anaitazama pande zote mbili kabla ya kuichana.

Nilichojifunza ni hiki. Kumshuku mtu ni rahisi, na mimi bado nashuku, sijapona. Lakini siku hizi nikishuku namwendea mwenyewe na kumuuliza uso kwa uso, kwa sababu ukimzungushia watu wa kutosha hata asiye na kosa ataanza kulitafuta kosa lake.

Ninyi wawili mlioapa kufunga kibanda, kuna hata mmoja wenu aliyekwenda kumuuliza yule kijana wa watu? Njooni hapa mnijibu. Na kama humu yupo aliyewahi kusingiziwa hadi akajitilia shaka mwenyewe, aandike, nitasoma neno kwa neno.