Nafasi ya Tatu kwenye Fomu

Siku ile nilikuwa na uchovu wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa magoti: asubuhi tulikwenda Lubaga kumwosha marehemu, mwanamke wa makamo, na nyumba yao ina ngazi nyingi. Uchovu wa pili sijui niuite nini. Humpata mtu aliyefundisha Qur'ani tangu ujana wake, akainua kichwa siku moja na kuona herufi ni zile zile na watoto ni wengine. Silalamiki. Mwenyezi Mungu amenipa umri, amenipa macho ambayo bado yanasoma, na amenipa mjukuu.

Mjukuu huyo, mtoto wa binti yangu, ndiye niliyekwenda naye Lubaga. Nimemlea tangu mdogo, hapa hapa Kamwokya. Marehemu mume wangu alizoea kumwita mke wake mdogo, kwa utani wetu sisi watu wenye asili ya pwani, na mimi mpaka leo namwita mke mwenzangu. Yeye huniita Jaja, kama watoto wote wa Kampala wanavyowaita bibi zao.

Baada ya sala ya alasiri alikaa mkekani, kompyuta mapajani. Alikuwa anaomba nafasi ya kusomea udaktari wa meno katika chuo kimoja cha nje ya nchi. Fomu ilikuwa inafungwa kesho yake saa sita mchana, na sehemu moja ilikuwa imemshinda kwa wiki nzima. Walitaka aeleze mambo matatu aliyoyapitia yeye mwenyewe, yaliyomfanya atake kazi hiyo. Matatu tu, na kila moja kwa maneno machache.

"Nisomee," nikamwambia. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi na miguu juu ya mto.

La kwanza lilikuwa la kliniki ya meno hapa mtaani, ambako kwa mwaka mzima amekuwa akijitolea kuosha na kuchemsha vyombo. La pili lilikuwa la Kikuubo, kwenye maduka ya jumla mjini. Kila likizo humsaidia shangazi yake kuuza miswaki na dawa ya meno kwa jumla, na huko aliwahi kumsikia mteja akisema kwamba mswaki mmoja unatosha nyumba nzima.

"Hilo la Kikuubo watadhani unatafuta kazi ya dukani," nikasema.

"Jaja, waache wadhani. Angalau wajue naweza kusimama kutwa."

"Haya. La tatu?"

Akakaa vizuri. Nikajua hilo ndilo alilolipenda.

Alisoma kuhusu kuosha maiti. Aliandika kwamba bibi yake ni mwoshaji wa wanawake, na kwamba yeye humshikia maji na pamba. Halafu akaandika habari za mwanamke mmoja tuliyemwosha mwaka uliopita: jinsi tulivyomsafisha kinywa kabla ya kumtawadhisha, na tulichokikuta humo. Sitakirudia hapa. Aliandika kwamba siku ile alijiuliza mwanamke huyo alikula vipi na alilala vipi, na kwa nini mtu wa kwanza kumwangalia meno kwa upole awe mwoshaji wake.

Yalikuwa maandishi mazuri. Nilifundisha watu wengi kusoma, na najua maandishi mazuri nikiyasikia. Nikafumba macho kidogo.

"Futa," nikamwambia.

Akainua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Mwoshaji hasemi alichokiona. Nilikwambia siku ya kwanza, kabla hujashika kata ya maji."

"Sikutaja jina, Jaja. Wako mbali. Hawatamjua."

"Yeye anajijua. Alitukabidhi mwili wake akiwa hawezi hata kuvuta shuka."

Nje jirani alikuwa akijaribu spika za kukodisha, muziki ukipanda na kukatika. Kisha akafuta bila kunitazama.

"Kale, haya," akasema. "Sasa sina la tatu. Fomu yenye pengo hawaisomi. Utanioza tu."

"Nani atakuchukua na mdomo huo."

Nilisema kwa utani wetu wa kila siku, lakini neno liliponitoka niliona anapeleka mkono mdomoni. Hufanya hivyo anapocheka pia. Hana chonge za chini. Upande mmoja haikuota kabisa, na upande wa pili limeota jino dogo la manjano lililopinda, na meno mengine yameegemea kwenye pengo kama watu waliochoka kusimama.

Nikasema, "Lipo la tatu. Ni langu kulitoa, si la marehemu. Kaa usikilize, usiandike kwanza."

Nikamweleza. Alikuwa na miezi mitano. Mama yake alikuwa amekwenda Jinja kwa kazi ya juma moja, akaniachia. Mtoto akashikwa na homa na kuharisha. Nikamfungua mdomo nikaona fizi za chini zimevimba, na ndani yake weupe. Kwetu hapa huitwa ebinyo. Kwingine nasikia huitwa meno ya plastiki. Watu waliamini kwamba ndiyo yanayomletea mtoto homa, na yasipotolewa atakufa. Nyuma ya soko la Kamwokya kulikuwa na mama aliyejulikana kwa kuyatoa. Alitumia waya wa gurudumu la baiskeli ulionolewa ncha. Mimi mwenyewe nilimshika mtoto kichwa. Nilikuwa nikisoma dua wakati damu inatoka.

Homa iliondoka siku ya nne, kama homa nyingi zinavyoondoka. Nilimshukuru Mungu na nikamshukuru yule mama.

Hayo yalikuwa machungu kuyasema, lakini bado hayakuwa yote. Wanawake walikuwa wakiniletea watoto wao wagonjwa niwasomee. Baada ya siku ile nikaanza kuwafungua midomo. Nikiona weupe, niliwaelekeza nyuma ya soko. Sikuwahesabu. Walikwenda kwa sababu mwalimu amesema.

Miaka baadaye daktari mmoja alikuja msikitini kuzungumza na akina mama. Akaeleza kwamba weupe ule ni jino lenyewe la mtoto, linajitengeneza ndani ya fizi, na anayelichimbua huharibu pia lile la ukubwani litakalofuata. Nilikaa mstari wa mbele. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyejua siku zote. Tangu hapo sikumpeleka mtoto mwingine. Lakini wale niliokwisha kuwapeleka sikuwaambia kitu, na huyu niliyelala naye nyumba moja sikumwambia kitu pia.

Nilipomaliza, mjukuu wangu alikuwa anavuta nyuzi za mkeka.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Pale kliniki daktari alinikalisha kwenye kiti, akaniangalia mara moja tu. Akauliza, nani alikutoa ebinyo?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema nimezaliwa hivi."

"Ulidanganya."

"Nilikusitiri, Jaja. Si wewe uliyenifundisha mtu asitoe alichokiona?"

"Mimi sijafa, mke mwenzangu. Nikifa utanisitiri. Sasa hivi niache niseme."

Alicheka, na safari hii mkono ulichelewa kufika mdomoni. Kisha akalia kidogo. Mimi sikulia, nadhani nilikuwa nimechoka mno. Mwaka mzima alikuwa akinitengea chai, akinikanda magoti, akinisalimia kila asubuhi, na anajua. Nilimshukuru Mungu kwa subira aliyompa, nikaona haya kwamba aliihitaji.

Akaandika. Alipomaliza alinisomea. Ilianza hivi: familia yangu ilinitoa meno nikiwa mchanga.

"Familia ipi?" nikauliza. "Mama yako hakuwepo. Babu yako alikuwa dukani. Andika bibi yangu."

"Watakuona mtu wa ovyo."

"Andika, na uandike kwamba alikuwa mwalimu wa Qur'ani. Hapo ndipo penye uzito. Wale wanawake hawakumfuata yule mama mwenye waya. Walinifuata mimi. Ukitaka kuwa daktari, wakuone unajua watu humsikiliza nani."

Akaandika. Kompyuta ikamwonya kwamba maneno yamezidi.

"Nipunguze wapi?"

"Kuna mahali umesema nilikufanyia kwa mapenzi. Toa hapo."

"Hapo sitoi," akasema. Akapunguza kwenye Kikuubo.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Kabla ya kuituma aliniuliza, "Na wakinikataa kwa sababu ya hili?"

Nilitaka kumwambia hawatamkataa, lakini sijui watu wa vyuo wanapenda nini. Nikamwambia kwamba wakimkataa, watakuwa wamemkataa yeye mwenyewe na si mtu mwingine, na kwamba nitaomba dua wasimkatae. Akabonyeza. Mtandao ulizungukazunguka, ukasimama, ukazunguka tena, fomu ikaenda. Tukainuka kutawadha, mimi nikishika ukuta.

Majibu hayajaja mpaka ninapoandika haya. Anaendelea kuosha vyombo pale kliniki, na amemwambia daktari ukweli.

Mimi nilibaki na langu. Nilijiuliza, ikiwa wageni wa ng'ambo wameruhusiwa kulisoma, wanawake wa mtaa wangu wamekosa nini. Jumapili iliyofuata, darasa lilipokwisha, niliwaomba akina mama wasiondoke. Watoto wa wengine ni watu wazima sasa, na watu wazima hao huziba midomo yao wakicheka. Niliketi, kwa sababu magoti hayakutaka kusimama, nikaanza na mtoto wa miezi mitano.