Mabati Manane Chini ya Kitanda

Kule Biryogo, hapa Kigali, tulikuwa nyumba nne chini ya paa moja refu. Kuta zilikuwa za rukarakara, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa juani tu, na kati ya nyumba na nyumba ukuta ulikuwa mmoja. Ukuta wa namna hiyo ukinyeshewa kutoka juu unalainika kama uji, na wa jirani ukianguka, wako unaufuata. Sikusoma zaidi ya darasa la pili, lakini hilo halihitaji shule.

Kwa hiyo tulipatana. Kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi tukishatoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima ya kuzibua mifereji na kufagia barabara, nyumba moja inaleta bati jipya la akiba ya paa. Zamu kwa zamu. Yalikaa chini ya kitanda changu kwa sababu sikuwa na watoto wadogo wa kuyachezea na, walisema wenyewe, hakuna ambaye angethubutu kuniomba. Kufikia mwaka wa tisini na mbili yalikuwa manane. Vita vilikuwa kaskazini, na dukani bati lilikuwa gumu kupatikana.

Aliyethubutu ni dereva wa lori wa nyumba ya mwisho, ile inayopigwa na upepo. Alikuwa anamwoza binti yake mkubwa, akataka banda la kuwakalisha wakwe. Nilimkatalia. Akanijibu uani, mbele ya watu wote.

"Mama, sisi tunalala chini ya bati, wewe unalala juu yake. Huumwi mgongo?"

Walicheka wote, mpaka mke wake. Nyumba mbili nyingine zikamuunga mkono, nikabaki peke yangu. Nikayatoa, ila kwa sharti moja: yafungwe, yasipigwe msumari. Bati lililotobolewa katikati si akiba tena, ni chujio. Akasema, "Nimesikia, Mama," kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia.

Jumapili ya harusi, asubuhi, nikasikia nyundo. Ko, ko, ko, tangu chai mpaka saa nne. Sikutoka kuangalia. Nilikaa kitandani, chini yake patupu, nikajilaumu kwa kukubali. Harusini nilienda kwa ajili ya binti tu. Nikala pilau langu chini ya banda lile bila kuinua macho, nisije nikasema neno nikaharibu siku ya mtoto wa watu.

Alasiri upepo ukatangulia mvua. Banda halikutikisika. Paa letu ndilo lililofunuka: mabati mawili ya nyumba ya dereva yaling'oka, moja likaenda kuangukia migomba ya nyuma. Bibi harusi alikuwa ndani na shangazi zake. Wakatoka mbio, yeye kashikilia shela kwa mikono miwili. Mvua ikaanza kumwagika juu ya ukuta ule wa mwisho, na nyuma ya ule kulikuwa na wa kwetu wote.

Dereva hakuliangalia paa, aliniangalia mimi. Suti ilikuwa imemgandama mwilini.

"Mama, nipe ruhusa."

"Fungua haraka."

Wanaume wakabomoa banda, wageni wakajazana chumbani kwangu. Nikanyakua bati la kwanza, nikaliinua juu na kutafuta tundu la mwanga. Hakuna. La pili, hakuna. Yalikuwa yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la lori, yamekazwa kweli kweli. Nyundo niliyoisikia ilikuwa ya mabenchi.

Nilikaa matopeni na kitenge changu kipya, nikasema alhamdulillahi, na mvua ikanipiga usoni sikuijali. Bwana harusi alivua viatu, akafunga kanzu kiunoni, akapanda na misumari mdomoni. Baba mkwe wake akamshikia ngazi. Walipomaliza, ukuta ulikuwa umelowa kiganja kimoja tu kutoka juu.

Jumamosi iliyofuata dereva alileta mabati sita yaliyobaki, ameyapangusa. Akayasukuma mwenyewe chini ya kitanda, akanyooka, akasimama pale akingoja nimshukuru.

Nikamwambia, "Una mabinti wengine wawili. Anza kuleta mabati yao mwezi huu."

"Nimesikia, Mama," akasema. Na mwezi haujaisha, akaleta la kwanza.