Tanuri la Gwantwa linalomeza moshi wa malori

TUNDUMA. Saa moja kasoro asubuhi. Ukungu bado umelalia mabati, na Gwantwa Kibona anabomoa udongo aliozibia mlango wa tanuri lake, nyuma ya gereji yake. Hana haraka. Anatoa tofali moja, anatoa la pili, anapenyeza kiganja ndani na kusikiliza joto.

“Limepoa,” anasema, na uso mzima unachangamka.

Anachokitoa humo si mkate wala chungu. Ni kopo la chuma lenye ukubwa wa ndoo, ndani lina matundu madogo kama sega la nyuki: chujio la moshi la lori. Injini ya dizeli inapounguruma, masizi hunaswa humo badala ya kuingia vifuani mwa watu. Yakijaa, lori hukosa pumzi. Hapo ndipo mafundi wengi huchukua grinda ya kukatia chuma, wakapasua chujio, wakatoa sega lote na kulitupa. Lori linapata nguvu, mji unapata moshi.

Gwantwa, mwenye miaka 31, mzaliwa wa Ileje, hakati. Anachoma. Kutwa nzima anapandisha joto kwa kuni, polepole, na usiku kucha anaacha lipoe. Kisha anavaa barakoa na kulipuliza kwa kompresa, jivu likiingia kwenye ndoo yenye mfuniko.

Analitundika kwenye mizani ya kupimia mahindi. Kabla ya kuchomwa lilikuwa na kilo 21.3. Sasa lina 20.4.

“Gramu mia tisa!” anapaza sauti. “Hizi zote zilikuwa zinakwenda kwenye birika la mama!”

Mama yake, Tabita, ana miaka tisa akiwauzia madereva chai kando ya foleni ya mpakani, ambako malori husubiri siku mbili, hata tatu, injini zikiwaka.

“Akifua kitenge, maji ya kwanza ni meusi,” anasema Gwantwa. “Akikohoa ananiambia ni baridi. Baridi gani hiyo ya mwezi wa kumi?”

Injini alijifunza kwa miaka mitano katika gereji moja jijini Mbeya. Kuchoma alijifunza kwa wachoma tofali wa Vwawa, na mengine kwenye video za simu. Chujio la kwanza alilitoa likiwa la moto, likapasuka mikononi mwake. “Nilikaa chini nikalia kama mtoto,” anakumbuka.

Tanuri lilikula shilingi milioni 1.4, akiba yake yote. Kwa miezi minne amepata wateja saba tu, maana yeye hutoza shilingi 180,000, na wenye grinda hutoza 60,000.

Leo ndiyo siku ya kujulikana mbivu na mbichi. Chujio hili ni la Mzee Eliakim, tajiri mwenye malori kumi na moja. Gwantwa alilisafisha wiki tatu zilizopita, na limerudi limeziba vilevile. Mzee ametamka mbele ya watu: likishindwa tena, machujio yote kumi na moja yatakatwa kabla ya Jumamosi.

Mkataji mwenyewe ameshafika. Anaitwa Lwitiko, na amekaa juu ya tairi akitafuna muwa.

“Dada Gwantwa, dawa yako ni ya wiki tatu. Yangu ni ya milele.”

“Hata mtu akikatwa pua hapati mafua tena, Lwitiko. Utasema amepona?”

Gereji nzima inaangua kicheko.

Kulirudisha chujio kwenye lori kunachukua saa moja, lakini Gwantwa hawashi gari. Kuna swali linamkereketa: kwa nini wiki tatu tu? Chujio la lori hili limeundwa kujisafisha lenyewe. Likiwa safarini, joto hupanda na kuunguza masizi. Nini kimelizuia?

Anapanda kwenye kabini, anapapasa dashibodi swichi kwa swichi. Ghafla anapiga ukelele unaowaleta watu mbio.

“Enoka! Hii nini?”

Swichi moja imebonyezwa, na juu yake imebandikwa selotepu nyeusi, tabaka tatu. Ndiyo swichi ya kuzuia chujio lisijisafishe.

Enoka, dereva wa lori hilo, anavua kofia. “Mukwai, fundi,” anaanza kwa heshima ya Kibemba, kama wafanyavyo wengi hapa mpakani. “Nilikuwa kwenye foleni. Mbele tangi la petroli, nyuma tangi la petroli. Mara injini inanguruma yenyewe, bomba linatoa joto kama jiko! Nikasema gari limepagawa. Nikabonyeza, nikabandika, nikasali.”

Gwantwa anacheka mpaka anaegemea usukani.

“Kubonyeza ulifanya la maana, kaka. Katikati ya matangi, lizuie. Kosa lako ni selotepu. Ukishatoka kwenye foleni, achia. Na foleni ikisimama, zima injini. Gari likinguruma bila kwenda halipati joto la kutosha, linajaza masizi tu.”

“Kwa hiyo aliyeziba ni mimi?”

“Wewe na foleni.”

Mzee Eliakim, aliyesimama pembeni, mikono mgongoni, anakohoa kidogo. “Maneno nimeyasikia. Sasa nataka barabara.”

Selotepu inabanduliwa, swichi inaachiwa. Lori limebeba saruji. Safari ni ya Vwawa na kurudi, na Gwantwa anapanda pembeni ya dereva. Baada ya kupita eneo la Mpemba, taa ya joto inawaka. Mkono wa Enoka unakimbilia swichi.

“Toa mkono! Linajisafisha.”

Dakika ishirini zinapita. Kisha taa ya joto inazimika. Ile ya njano, iliyowaka wiki nzima kuonya kuwa chujio limeziba, nayo inazimika. Mlima unaofuata, lori linaupanda kama halina mzigo. Enoka anapiga honi, mara tatu, bila sababu yoyote.

Gerejini, Mzee Eliakim anawasubiri. Anatoa leso yake nyeupe, anaishikilia kwenye mdomo wa bomba la moshi.

“Kanyaga!”

Leso ni nyeupe.

“Kanyaga tena!”

Nyeupe. Lwitiko anaichukua, anaigeuza upande wa pili, anaigeuza tena. “Mzee, hukubadilisha leso?”

“Kijana, funga mzigo wako uende,” anajibu Mzee Eliakim. Kisha anamgeukia Gwantwa. “Yamebaki malori kumi. Kila wiki nitakuletea mawili, kuanzia Jumatatu. Na Jumamosi madereva wangu wote watakuja hapa uwafundishe.”

Gwantwa anaitikia, “Nimeelewa, mzee,” lakini ameshachukua kijiti, anachora ardhini tanuri la pili, la kuchoma machujio mawili kwa mpigo. Anapanga pia kuchukua mabinti wawili kutoka Ileje awafundishe kazi.

“Lile la kwanza nililijenga kwa hofu,” anasema bila kuinua macho. “Hili nalijenga nikiwa na kazi.”