Ukurasa wa Kwanza wa Kengele

Kwa miaka kumi na tisa jarida la kijiji cha Nettlesby lilipita mikononi mwa mtu mmoja, naye ni Avril Stannard. Jarida liliitwa Kengele. Lilikuwa na kurasa nane, na lilitoka kila tarehe mosi ya mwezi, kunyeshe kusinyeshe. Avril ndiye aliyekusanya habari, akazipiga chapa, akazirudufu kwa mashine ya kanisani, akazibana kwa pini na kuzitia moja moja katika vitundu vya barua vya milango mia moja arobaini na miwili. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa shule mjini Wickerton kwa miaka thelathini, na hadi leo akiona karatasi tupu vidole humwasha.

Kazi yenyewe haikuwa na shukrani. Mmoja humletea tangazo lililoandikwa nyuma ya pakiti ya mbegu za karoti. Mwingine humsimamisha njiani, akamweleza yote kwa mdomo, kisha mwezi unaofuata akalalamika kwamba saa imekosewa. Kikundi cha ufumaji hakijawahi kuleta tangazo kabla ya mkutano wake. Hulileta baadaye, na hutaka litangazwe vivyo hivyo. Avril alikuwa amezoea. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita, na alijua kwamba watu wa Nettlesby hupenda kujua mambo lakini hawapendi kuambiwa.

Mwezi wa Agosti mwaka huo aliletewa habari moja iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Serikali ya kaunti iliandika kwamba basi la Nettlesby, linalopita Jumanne na Ijumaa, halina abiria wa kutosha, na kwamba huenda likaondolewa. Afisa angekuja kuwasikiliza wakazi ukumbini siku ya Alhamisi, tarehe kumi Septemba, saa moja jioni. Asiyeweza kufika angeandika barua kabla ya tarehe ishirini na tano.

Avril aliisoma barua ile mara mbili akiwa amesimama, na mara ya tatu akiwa ameketi. Mwaka uliotangulia daktari wa macho alikuwa amemnyang'anya leseni ya kuendesha gari kwa sauti ya upole sana. Tangu hapo alikuwa na basi tu. Na mwisho wa safari ya basi, maili tisa kutoka mlangoni kwake, alikuwepo dada yake Thelma, katika nyumba ya kutunzia wazee ya Wickerton, akimsubiri kila Jumanne na kila Ijumaa na karata mkononi. Thelma aliiba katika karata. Alianza kuiba Avril akiwa na miaka saba na yeye kumi, na uzee haukumbadilisha. Avril hakuwa na mtu mwingine duniani aliyemkumbuka mama yao.

"Nipe ukurasa wa kwanza," alisema Clive Ambler wiki hiyo hiyo. Clive alikuwa katibu wa Maonyesho ya Maua na Mboga, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyokatwa kwa rula, na alikuwa amesimama jikoni kwa Avril na orodha ya mashindano hamsini na manne. "Maonyesho ni tarehe kumi na mbili, Avril. Kijiji kizima kinasubiri."

"Ukurasa wa kwanza ni wa barua ya kasisi, Clive. Unajua hivyo tangu nywele zako zilipokuwa nyeusi."

"Basi niwekee katikati. Lakini mamumunye yasitenganishwe na vitunguu kama mwaka jana. Watu walikasirika."

"Watu au wewe?"

"Mimi ni watu," alisema Clive, akaondoka.

Siku mbili baadaye kasisi alipiga simu. Kasisi Rosalind alikuwa na makanisa sita na gari moja bovu. Alisema amezika watu watatu wiki hiyo, hana hata neno moja lililobaki, na kama Avril ataweza kuutumia ukurasa wake mwezi huu kwa jambo jingine, Mungu ambariki.

Avril alikata simu akabaki ameshika mkono wa kiti. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupewa ukurasa wa kwanza. Aliketi palepale na kuandika. Aliandika habari ya basi kwa herufi kubwa, akaizungushia mstari mweusi, akataja siku, saa na mahali, kisha akavitaja tena chini kwa wenye kusahau. Alimtaja Bwana Eldridge anayekwenda na basi hospitalini, na msichana wa nyumba ya kinu anayelitumia kwenda kazini. Habari zake mwenyewe hakuzitaja. Tarehe mosi alizunguka kijiji kizima kwa miguu, na kila alipolisukuma jarida katika kitundu cha mlango alihakikisha ukurasa wa kwanza unaangalia juu.

Alhamisi ilipofika, alipanga viti sitini ukumbini na kuchemsha maji ya chai katika birika kubwa linalotumika kwenye mazishi.

Walikuja watu watano. Wa kwanza alikuwa Avril mwenyewe. Wa pili alikuwa Glenys Hume, mweka ufunguo wa ukumbi, ambaye alilazimika kuwepo ili kufunga mlango. Wa tatu alikuwa Bwana Eldridge. Wa nne na wa tano walikuwa mume na mke waliodhani ni siku ya mazoezi ya kunyoosha viungo, wakaja na mikeka yao, na kwa adabu wakabaki.

Afisa wa kaunti alikuwa kijana mwenye viatu safi mno kwa Nettlesby. Alitazama viti.

"Tungoje kidogo?" aliuliza.

"Tungoje," alisema Avril.

Walingoja dakika ishirini. Glenys alifungua pakiti ya biskuti. Bwana Eldridge alieleza habari ya goti lake tangu mwanzo. Mwishowe afisa akafungua kompyuta yake ndogo na kuandika tarakimu moja tu. Avril hakuhitaji miwani kuijua.

"Sisemi kwamba uamuzi umeshafanyika, mama," alisema kijana yule. "Ila nitaulizwa walikuja wangapi."

"Waambie biskuti ziliisha," alisema Glenys.

Avril alirudi nyumbani akiwa na hasira ya aina ile isiyokuwa na mtu wa kumwagiwa. Kilio huanza mfiwa, na wa mbali akaingia. Lakini yeye alikuwa amelia kwa herufi kubwa zenye mstari mweusi, na hapana jirani aliyeinua hata pazia.

Jumamosi alikwenda kwenye Maonyesho kwa sababu ilikuwa kazi yake kuandika matokeo. Hema lilikuwa limejaa hata pa kupenya hapana. Watu waliinamia sahani za skonzi kama waliofiwa na skonzi hizo. Aliushika mkono wa kwanza aliouona, nao ulikuwa wa Doreen Plowright, jirani yake wa mlango wa tatu.

"Doreen, Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kwa nini?"

"Mkutano wa basi."

"Basi gani?"

"Basi letu. Wanataka kuliondoa."

Doreen alikodoa macho. "Wanataka kuliondoa? Na hakuna aliyetuambia?"

"Nimewaambia mimi. Katika Kengele. Ukurasa wa kwanza mzima."

"Ah," alisema Doreen, na uso wake ukatulia kabisa. "Ukurasa wa kwanza ni wa kasisi."

"Mwezi huu haukuwa wa kasisi."

"Sasa mimi ningejuaje, Avril, na mimi siusomi?"

Avril aligeuka kwa Clive, aliyekuwa akinyoosha mumunye kwenye meza ili mkia wake uelekee kaskazini kama mingine. "Clive. Wewe umesoma ukurasa wa kwanza?"

"Nani husoma ukurasa wa kwanza?" alisema Clive bila kuinua kichwa. "Nasema kwa heshima zote kwa kanisa. Mtu hulamba kidole, hufunua, huanza ukurasa wa pili. Baba yangu alifanya hivyo hivyo."

Aliwauliza wengine saba. Wote walilamba kidole. Mmoja alimwonyesha kabisa jinsi afanyavyo, kwa fahari, kana kwamba nako ni shindano. Miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mlango wa mbele wa jarida lake hautumiki na watu wote huingilia jikoni. Tena wote wakamaliza kwa kauli moja: mbona hatukuambiwa mapema?

Alitoka nje ya hema, akasimama karibu na kamba, akapumua. Kisha akakumbuka karatasi ya matokeo.

Karatasi ya matokeo ni jambo jingine. Hutoka Jumanne baada ya Maonyesho, upande mmoja tu, haina ukurasa wa kwanza wala wa pili. Kila mtu Nettlesby huisoma toka juu hadi chini, pole pole, akitafuta jina lake, kisha jina la adui yake. Avril ndiye aipigaye chapa. Jumatatu asubuhi aliketi mezani na orodha ya Clive upande wa kushoto na barua ya kaunti upande wa kulia, akaanza.

Skonzi: wa kwanza Doreen Plowright, wa pili Glenys Hume. Basi la kijiji: hatarini. Jamu ya matunda: wa kwanza Bibi Eldridge. Andika kaunti kabla ya tarehe 25. Vitunguu vitatu vya ukubwa sawa: wa kwanza Clive Ambler. Jumanne na Ijumaa hutaweza kwenda Wickerton. Aliendelea hivyo mpaka mumunye zito kuliko yote, na baada ya mumunye akaweka anwani.

Clive alifika Jumanne mchana, karatasi mkononi, masharubu yakitetemeka.

"Umetia basi ndani ya vitunguu vyangu."

"Umelisoma?"

"Nimelisoma, ndiyo. Ningewezaje kutolisoma? Liko chini ya jina langu!"

"Basi andika barua."

"Nitaandika. Tena nitakutaja na wewe, Avril. Mambo ya kilimo na ya usafiri hayachanganywi."

Hakuwa peke yake. Wiki ile kijiji kilichukua kalamu kwa namna ambayo Avril hakuwahi kuiona. Walimsimamisha dukani na kanisani kumweleza kwamba karatasi ya matokeo ina hadhi yake, kwamba mama zao wangeona aibu, na kwamba, ndiyo, wameandika kaunti. Glenys aliandika barua ya kurasa nne. Avril aliwasikiliza wote. Alichoka hata kusema asante, na hakuna aliyeitarajia.

Jibu la kaunti lilikuja mwezi uliofuata, likiwa na sahihi ya yule kijana wa viatu safi. Alisema wamepokea barua sitini na tatu kutoka Nettlesby. Thelathini na nane, aliongeza kwa adabu, zilihusu hasa mpangilio wa matokeo ya mboga, lakini kwa kuwa zote zilitaja basi, zote zimehesabiwa. Basi la Ijumaa litabaki. La Jumanne litaondolewa kuanzia mwezi wa Novemba.

Avril aliikunja barua, akaiweka mkobani. Hakujua kama ameshinda au ameshindwa, na jambo hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Ijumaa alipanda basi saa nne asubuhi. Dereva akamwambia, "Leo peke yako tena, mama," akangoja aketi ndipo akaondoa gari. Walipita nyumba ya Clive, na Clive, aliyekuwa akipogoa ua, akaliinulia basi mkono kama mtu anayesalimia mali yake. Gari lake mwenyewe lilikuwa limeegeshwa nyuma yake.

Thelma alikuwa dirishani, karata zimeshagawanywa. Kando yake palikuwa na Kengele na karatasi ya matokeo, ambazo Avril humletea kila zinapotoka.

"Umefika," alisema Thelma. "Nilidhani basi limeondolewa."

"Umejuaje habari za basi?"

"Nimesoma katika vitunguu."

Avril alivua koti taratibu. "Habari hiyo ilikuwa katika Kengele, dada. Tangu tarehe mosi Septemba. Ukurasa wa kwanza."

"Wa kwanza ni wa kasisi," alisema Thelma. "Haya, keti. Wewe uanze."

Avril aliketi. Alizitazama karata zake, na hata kwa macho yale aliona kwamba hapana mfalme hata mmoja, na kwamba wafalme wote wanne walikuwa upande wa pili wa meza. Alitupa karata ndogo.

"Na Jumanne?" aliuliza Thelma, macho yake kwenye karata. "Jumanne utakuja?"

"Jumanne hii, ndiyo," alisema Avril. "Cheza kwanza. Nitakueleza."