Nilimwambia Minza ujumbe wake umefika: radio call ya Mpanda ilivyonifundisha kupanga queue

Wakuu, habari za muda huu. Hiki nitakachosimulia nilikiona kwa macho yangu, na kosa lililomo ni langu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kulipamba.

Kuna mdau kwenye uzi wa juzi alinicheka kwamba mimi ni mama mwoga, kila application server nikiishika lazima nizime auto acknowledge, yaani kukiri kupokea kiotomatiki, kwenye message queue.

Kwa wasiojua: queue ni foleni ya ujumbe. Ukiiacha auto, application ikishauchukua ujumbe tu, foleni inaufuta. Application ikianguka hapo katikati, ujumbe umepotea, na aliyetuma anajua umefika.

Mimi uoga huo niliupata Mpanda, miaka ya tisini, kabla sijaiona kompyuta hata kwenye picha.

Nilikuwa naendesha radio call kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa tumbaku. Simu zilikuwa za kubahatisha, kwa hiyo hata watu wasio wa chama walituletea ujumbe. Unauandika kwenye karatasi, nauchomeka kwenye msumari ukutani, saa mbili asubuhi nausoma hewani.

Upande wa Kibaoni, huko Mpimbwe, alikuwepo Fabiano, karani wa godauni. Akisema "nimekupata", nachomoa karatasi, natupia kwenye boksi. Kazi imeisha. Nilijiona mchapakazi kweli, msumari wangu ulibaki mtupu kila siku.

Asubuhi moja akaja Minza, dada wa Kisukuma, na kichanga mgongoni. Alikuwa amejifungua hospitali ya pale mjini kabla ya siku zake. Mumewe, Masanja, alikuwa na ng'ombe huko Mpimbwe, hajui lolote.

Akaniomba niandike: mtoto amezaliwa, msichana, mdogo sana ila mzima, njoo umpe jina.

Kwao jina hutolewa na baba. Mtoto alikuwa bado anaitwa "huyu".

Nikausoma hewani. Fabiano akasema amenipata. Nikachomoa karatasi, nikamwambia Minza umefika.

Kesho yake akaja kuuliza jibu. Hakuna. Keshokutwa, hakuna. Kila siku namwambia, "Umefika, mama, subiri tu."

Tukazoeana. Akawa anakaa kwenye benchi ananyonyesha, ananisimulia habari za mama yake aliyefariki mwaka uliotangulia, mbali huko kwao, na yeye hakuwahi mazishi. Hilo lilikuwa halijamtoka moyoni. Mimi nilikuwa sijazaa bado, nikapewa kale katoto nikapakate. Wakuu, kalikuwa kepesi, nilikuwa naogopa hata kupumua.

Wiki ya pili akaja akiwa mtulivu kupita kiasi. Akasema ametafuta nauli, treni ya Alhamisi anarudi kwa kaka zake.

Nikamuuliza kwa nini asisubiri kidogo.

"Dada, kama ujumbe umefika na hajaja, basi nimeshajibiwa."

Alipotoka nikakaa naangalia ule msumari. Mimi nilijua nini hasa? Nilijua Fabiano amesikia. Basi.

Kesho yake, Jumanne, nikamuuliza Fabiano hewani alimpa nani karatasi aliyoandikia ujumbe ule. Akasema alimpa muuza chumvi wa baiskeli anayezunguka kwenye kambi za ng'ombe. Fabiano akaenda kumtafuta sokoni. Jioni akarudi hewani, sauti imemwishia. Muuza chumvi alikuta kambi imehama, akaiweka karatasi mfukoni akitumaini atakutana nao njiani. Ilikuwa bado mfukoni, na shati limeshafuliwa mara mbili.

Hakuna aliyefanya ubaya, na ndoa ilikuwa inavunjika.

Nilipekua boksi nikaipata karatasi ya Minza, nikairudisha kwenye msumari. Kisha nikaenda alikofikia kumwambia ukweli. Nilijua atanitukana, na nilistahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo hajakataa?"

Nikamwambia hajakataa, hajui. Akafunika uso na kitenge akalia, nami nikalia naye.

Jumatano nikamwambia Fabiano safari hii asinijibu kwamba amenipata. Aniletee neno la Masanja mwenyewe, lililotoka kinywani mwake. Yule kaka alifunga godauni lake, akapanda baiskeli, akaenda kuulizia kambi moja baada ya nyingine.

Alhamisi Minza akaja na mzigo wake kabisa, kutoka hapo anapitiliza stesheni. Saa mbili nikawasha redio. Kelele tupu. Nikaita mara tatu. Halafu Fabiano akaingia, anahema.

"Mpanda, nimemuona Masanja uso kwa uso. Yuko njiani anakuja. Anasema mtoto aitwe Nkamba."

Nikamgeukia Minza. Alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Nkamba ni mama yangu," akasema. "Huko Kibaoni hakuna mtu anayelijua hilo jina, isipokuwa yeye."

Ndipo nikaichomoa karatasi kwenye msumari.

Treni iliondoka bila yeye. Masanja alifika Jumamosi, matope mpaka magotini, akamchukua binti yake kwa mikono miwili.

Ukubwani nikasomea kompyuta, na nilipokutana na neno acknowledge sikuhitaji mwalimu. Ndiyo maana foleni zangu hushikilia ujumbe mpaka application iseme imeshauandika kwenye database. Isiposema, unatumwa tena. Ikishindikana mara kadhaa, unawekwa foleni ya pembeni, na mtu aufuatilie kwa miguu yake kama Fabiano.

Somo langu ni hilo: kusikika si kufika. Kuna mtu anaweza kukata tamaa ya maisha yake kwa sababu wewe ulichomoa karatasi mapema.

Foleni ya kwanza ninayotengeneza kwenye kila seva huwa naiita nkamba. Wenzangu ofisini wanadhani ni kifupi cha kitu cha kitaalamu, na sijawahi kuwasahihisha.

Haya, nyie wenzangu, nani kati yenu aliwahi kumwambia mtu "umefika" bila kuuliza umefika kwa nani? Tiririkeni, na yule mdau wa juzi aanze.