Hadija na Kisamvu Kilichokataliwa

Hadija binti Mahamudu wa Narung'ombe alikuwa hodari wa mambo mawili: kulima karanga na kuuliza maswali. La kwanza lilimpatia sifa. La pili lilimchosha hata mumewe.

Mume huyo, Saadi, alikuwa na bucha sokoni Ruangwa. Miaka nenda rudi alianza siku kwa bakuli la supu ya mbavu, mafuta yakielea juu, na mchana alijichomea kipande cha nundu. Siku moja mwaka 2002, akiwa amebeba paja la ng'ombe, kifua kilimbana, jasho likamtiririka, akakaa chini palepale. Alilazwa hospitali ya Nachingwea siku nne. Damu ilipopimwa, lehemu, yale mafuta yanayojiganda kwenye mishipa, ilikuwa imepita kiasi. Akarudi na vidonge na agizo moja: apunguze mafuta.

Kaka yake, Isihaka, akalisimamia agizo hilo kama askari. Jioni moja alionja kisamvu, akasukuma sahani.

"Shemeji, umetia karanga humu?"

"Nimetia. Nimepika kama siku zote."

"Karanga si ndizo zinazokamuliwa mafuta? Unataka kummaliza mdogo wangu?"

Neno hilo lilimchoma. Lakini Hadija alikuwa ameosha mabakuli ya supu maisha yake yote. Mafuta ya ng'ombe yakipoa huganda yakawa meupe. Ya karanga hubaki maji. Iweje yawe kitu kimoja? Asubuhi akadandia lori la mizigo hadi Nachingwea, na kilo moja ya karanga kwenye ncha ya kanga.

"Daktari," alimwambia Ritha, mganga aliyemtibu Saadi, "hizi kwa mume wangu ni chakula au sumu?"

Ritha alitabasamu. "Ni chakula, mama. Mafuta yake si ya aina ya nundu. Yakichukua nafasi ya mafuta ya nyama, husaidia kushusha lehemu. Korosho nazo vivyo hivyo."

"Ale kiasi gani?"

"Kiganja kimoja kwa siku, bila chumvi, maana presha yake nayo iko juu. Zenye ukungu tupa. Ila ziwe badala ya ile supu, zisiwe nyongeza. Na vidonge asiache."

Isihaka aliposikia habari hizo, akavuta sahani ya kisamvu. Mkaidi akawa Saadi. Nyumbani alitafuna karanga. Buchani aliendelea kunywa supu. Hadija akamfuata hukohuko, akasimama mbele ya meza ya nyama.

"Mume wangu, daktari alisema badala. Mimi sijachoka kuwa na mume."

Saadi alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliigawa supu kwa wachukuzi, akaanza kwenda sokoni kwa miguu.

Baada ya miezi minane lehemu ilikuwa imeshuka vizuri. Ritha hakuzipa karanga sifa zote; alitaja vidonge, kutembea na supu iliyoachwa.

"Sawa," alisema Hadija, "lakini fungu la karanga lipo."

"Lipo, mama."

Mwaka 2005 Saadi alimwachia mpwawe bucha, akahamia shambani. Msimu huo walipalilia bega kwa bega, yeye akipumzika kila alipotaka, na Hadija akimuuliza maswali tangu mwanzo wa tuta hadi mwisho wake.